Somo: Kupima jinsi joto linavyobadilisha unyumbufu wa polima

Polima ni minyororo mirefu ya molekuli, na hunyumbulika pale tu minyororo hiyo inapopata joto la kutosha kujipindapinda. Kila polima ina kizingiti chake: chini yake huwa ngumu kama kioo, juu yake hulegea. Kizingiti cha mpira ni karibu nyuzi −70 za Selsiasi, cha polipropilini hukaribia sifuri, na cha PVC ni 80 hivi.

Hatua ya 1. Kata vipande vyembamba vya upana sawa kutoka kwenye tyubu ya baiskeli, dumu lenye namba 2 ndani ya alama ya pembetatu ya aina ya plastiki (polithini), mfuniko wenye namba 5 (polipropilini) na bomba la PVC.

Hatua ya 2. Vikunje katika joto la chumba, uandike unachokiona.

Hatua ya 3. Vilaze kwenye friza yenye nyuzi −18. Vaa miwani, kisha kunja kila kimoja papo hapo unapokitoa, kwa kuwa kipande chembamba hupata joto upesi. Tyubu na polithini vitakunjika. Polipropilini hukakamaa na huweza kupasuka.

Hatua ya 4. Zamisha PVC katika maji yanayochemka. Hapa Mwanza, mji ulio zaidi ya meta 1,100 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, nazo zinatosha kuivusha kizingiti. Ikunje kwa koleo, uipoze ikiwa imekunjwa, nayo itabaki hivyo. Usiipashe kwenye moto wa jiko, kwani ikiungua hutoa gesi yenye madhara.

Maswali ya wanachama

Mwanafunzi, Igoma: Shikamoo mwalimu. Mfuniko wangu wa namba 5 haukupasuka. Nimekosea wapi?

Jibu: Marahaba. Hukukosea. Polipropilini nyingine huchanganywa na ethilini kiwandani ili ivumilie baridi, na namba ile haielezi hilo.

Mvuvi, Kirumba: Nyavu za nailoni zikikauka hukakamaa, zikirudi ziwani hulainika, ingawa maji ni baridi kuliko jua. Je, hilo halipingani na somo?

Jibu: Halipingani, kwa sababu kinachohama hapo ni kizingiti chenyewe. Nailoni hunyonya maji, na molekuli za maji hupenya kati ya minyororo na kuilegeza, hivyo kizingiti ambacho katika nailoni kavu ni nyuzi 50 hivi hushuka sana. Ukitaka kuipima kwa hatua hizi, pima kavu na mbichi kando kando.