SOMO: Hela ya Mkristo kuanzia siku mshahara unaingia (soma YOTE kabla ya kuuliza)

Bwana asifiwe wapendwa. Naandika hili mara moja maana nimechoka, kila tarehe 25 mtu ananifuata inbox "mtumishi nifundishe bajeti", namfundisha vizuri tu, tarehe 5 huyohuyo ananiomba nimwazime elfu 20. Mimi si mchungaji wala mhasibu, ni mweka hazina wa kwaya na nimeshaungua, basi.

1. Andika kinachoingia. Kinachofika mkononi, sio kilichoandikwa kwenye mkataba.

2. Toa fungu la kumi siku hiyohiyo. Ukisema utatoa Jumapili ya mwisho, hiyo Jumapili utakuta unatafuta nauli.

3. Andika kila kinachotoka kwa siku 30. Vocha, boda, soda, makato ya wakala. Luka 14:28 yule wa mnara aliambiwa aketi kwanza ahesabu gharama, na kuketi ndo kunatushinda.

4. Tenga kodi ya nyumba kila mwezi hata kama unalipa kwa mkupuo. Chumba cha laki na nusu, mwenye nyumba anataka miezi 6, hiyo ni laki 9, haitashuka kama mana. Iweke mahali ambapo kuitoa kuna usumbufu kidogo. Mimi naweka Mfuko wa Ukwasi wa UTT (mfuko wa uwekezaji wa pamoja), ukiomba hela unasubiri siku kadhaa ndo inaingia, na hizo siku ndo zinaniokoa maana hamu ya simu mpya inakuwa imepoa.

5. Lipa madeni, anza na la kausha damu (mikopo ya mtaani ya riba kali). Laki 3 kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi ni elfu 60 kila mwezi, ukilipa riba tu miezi 5 umeshatoa laki 3 na deni bado laki 3. Mithali 22:7 inasema akopaye ni mtumwa wake amkopeshaye, sasa huyu wa kausha damu hata meza ya TV anakubebea.

6. USIDHAMINI MKOPO KIHOLELA. Hapa naomba tusimame. Mwaka fulani baada ya mazoezi ya kwaya mwenzangu wa sauti ya tatu, mtu tuliyekuwa tunashea faili la nyimbo, akanifuata na fomu ya SACCOS (chama cha akiba na mikopo), mkopo wa milioni 4, wadhamini tupo watatu, akasema "ni formality tu mtumishi". Nikaweka fomu juu ya faili, nikasaini palepale kwenye benchi, dakika mbili haziishi, hata sikusoma ukurasa wa pili. Akarejesha kama laki 7 hivi, kazi ikaisha, akahama mji, simu haipatikani. Ikabaki milioni 3 na laki 3, tukagawiwa watatu, milioni 1 na laki 1 ikakatwa kwenye akiba yangu niliyokuwa nakusanya ya kiwanja. Na mke wangu alijua kwa sababu meseji ya SACCOS iliingia simu ikiwa mkononi mwake, anamwonyesha mtoto katuni. Sikuwahi kumwambia kwamba nilisaini. Hiyo wiki siwezi kuisimulia hapa.

Baadaye ndo nikasoma Mithali 6 vizuri. Mstari wa 1 mpaka wa 5 wote ni udhamini, kabla hata hajafika kwa mvivu na chungu, na tunavyopenda kuhubiri chungu! Anasema umetegwa kwa maneno ya kinywa chako. Kwa hiyo:
- Usisaini siku uliyoombwa. Nenda na fomu nyumbani, mwenzi wako aione.
- Soma kama unadhamini sehemu yako tu au deni lote.
- Jiulize: SACCOS ikikata kesho, nitaweza kumsalimia huyu mtu Jumapili? Kama hapana, acha.
- Umeshasaini? Mithali hiyohiyo inasema usilale usingizi. Nenda kaulize salio la deni SASA wakati bado analipa, omba abadilishe mdhamini. Akishakwama umechelewa.

7. Ahadi za harambee: ahidi ulichonacho. 2 Wakorintho 8:12, kwa kadiri ya alivyo navyo mtu, si asivyo navyo. Mic isikupandishe.

MASWALI

baraka_jr: Mtumishi mshahara wangu laki 4 naanzia wapi?
— Namba 1. Ipo juu.

baraka_jr: Nimesoma ila kwa kifupi?
— Kwa kifupi ni namba 1.

Neema K: Fungu la kumi ni kabla ya makato au baada?
— Biblia haijataja PAYE (kodi ya mshahara). Mimi natoa baada ya PAYE na NSSF, yaani makato ya pensheni (ya NSSF nitatoa Mungu akinifikisha kwenye pensheni) lakini KABLA ya rejesho la mkopo, maana mkopo nilishaula mwenyewe. Mwingine anatoa kabla ya vyote, sigombani naye.

mzee_wa_besi: Kwa hiyo unafundisha watu wasisaidiane? Upendo uko wapi?
— Soma tena. Nimesema usisaini, sijasema usitoe. Ana shida, una elfu 50, mpe asirudishe.

mama_genge: Shikamoo kaka. Mimi nauza nyanya na vitunguu, sina mshahara. Nikiuza 190,000 natoa 19,000? Nimefanya hivyo miezi miwili mtaji unapungua sielewi.
— Marahaba dada, swali zuri kuliko yote. Unapungua kwa sababu unatoa zaka ya mtaji. Kama mzigo ulinunua 150,000, usafiri 6,000, ushuru na zilizooza 4,000, faida ni 30,000, zaka elfu 3. Na ujilipe posho maalum, hata elfu 5 kwa siku, usichote kwenye kopo kila mtoto akitaka daftari. Soma 2 Wafalme 4: yule mjane aliambiwa auze mafuta, alipe deni, kilichobaki ndo ale na wanawe. Nije nikuone genge tuandike pamoja?

mama_genge: Amina kaka, Jumamosi jioni niko.

Neema K: Nyongeza, mchele na maharage nunueni msimu wa mavuno, nikinunua gunia nagawana na jirani tunaokoa sana.
— Kweli kabisa, ila fukusi je? Maharage yangu mwaka jana yaligeuka unga.

Neema K: Mifuko ile isiyopitisha hewa, wanauza maduka ya pembejeo. Funga kila tabaka peke yake, usifungue fungue.

mzee_wa_besi: Yusufu alitunza nafaka ya Misri bila mifuko hiyo.
— Mzee alikuwa na maghala ya Farao, wewe una stoo chini ya kitanda. Nunua mfuko.