Kupima bunduki mpya ya kuwindia masafa marefu

Tikka, watengenezaji wa bunduki, wanaahidi risasi 3 zitue ndani ya dakika moja ya pembe (kipimo cha mtawanyiko, si cha muda), yaani kama milimita 29 kwenye mita 100. Mimi naamini karatasi ya shabaha tu.

Hakikisha bunduki haina risasi, kisha kaza skrubu za darubini. Bunduki nyingi zinazosingiziwa ubovu, tatizo huwa hapo. Egemeza kwenye mifuko ya mchanga, mtutu usiguse kitu. Piga 3, subiri mtutu upoe hadi ushikike kwa kiganja, rudia. Badilisha aina ya risasi, maana kila mtutu una risasi inayoupenda. Matundu 3 yakikaribiana usishangilie bado, fikisha 10. Ile ya kwanza, ya mtutu baridi, iwekee alama peke yake: porini ndiyo utakayompigia mnyama.