Kutoka Boma la Arusha hadi Olduvai: namna ya kuyaona makumbusho ya chimbuko la binadamu

Wageni wengi hufika Olduvai, korongo lililo ndani ya eneo la Ngorongoro, wakiwa njiani kwenda Serengeti. Hushuka, hupiga picha ukingoni, kisha haoo wanaondoka. Mahali hapa panataka saa mbili na nusu kwa uchache, na jambo hilo patana na dereva kabla ya kutoka mjini, kwa kuwa ratiba iko mikononi mwake.

Anza na Arusha. Makumbusho ya Elimu Viumbe yamo ndani ya Boma la Wajerumani lililojengwa mwaka 1900, huko Barabara ya Boma, mwendo mfupi kwa miguu kutoka Mnara wa Saa. Ni madogo, saa moja inatosha. Kaa zaidi kwenye maonyesho ya chimbuko la binadamu, ili utakapofika korongoni majina ya Zinjanthropus, zamadamu ambaye fuvu lake lilipatikana Olduvai, na Laetoli, mahali palipokutwa nyayo za zamadamu, yasiwe mageni kwako.

Kwenda Olduvai utapita lango la Loduare, juu ya Karatu. Kibali cha Ngorongoro huhesabiwa kwa saa 24 tangu unapoingia, hivyo ukichelewa kutoka utalipa tena. Raia abebe kitambulisho. Bila hicho hawezi kuthibitisha kwamba anastahili kiingilio cha raia. Ukingo wa kreta una baridi kali asubuhi, lakini Olduvai iko chini na jua lake ni kali: vaa nguo za kupunguza, beba maji na kofia, na funika kamera kwa mfuko maana vumbi la barabara hiyo halina huruma.

Ukifika, usikimbilie ndani ya makumbusho. Nenda kwanza ukingoni umsikilize mwongozaji, ukilisoma korongo kutoka chini kwenda juu. Chini kabisa kuna mwamba mweusi wa volkano. Juu yake tabaka la kwanza, ambamo mtafiti Mary Leakey aliliona fuvu la Zinjanthropus tarehe 17 Julai 1959, lenye umri wa zaidi ya miaka milioni 1.7. Lile tabaka jekundu linaloonekana wazi kwenye nguzo ya mwamba iliyosimama katikati ni la tatu, changa kuliko hilo la kwanza. Ukishaelewa mpangilio huo, zana za mawe utakazoziona ndani zitapata mahali pake.

Ndani, simama kwenye nakala ya nyayo za Laetoli, za miaka takriban milioni 3.6. Usiombe kupelekwa kwenye zenyewe: ziko kilomita 45 hivi kusini, na zilifukiwa upya miaka ya 1990 baada ya mizizi ya migunga kuanza kuzitishia. Nakala hii ndiyo njia bora ya kuziona, nayo inaonyesha kisigino na kidole gumba vizuri kabisa.

Halafu omba kushushwa na mwongozaji hadi lilipopatikana fuvu. Pana jiwe la kumbukumbu. Usiokote chochote, hata kijiwe. Zana ikishaondolewa katika tabaka lake, umri wake hauwezi tena kujulikana kwa uhakika.

Fuvu halisi halipo Olduvai. Limehifadhiwa Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, Dar es Salaam. Hata huko muulize mwongozaji kama lililo kabatini ni lenyewe au nakala.