Namna ya kusoma utafiti wa pengo la kipato bila kupotezwa na namba

Mwaka 2018 wachumi Piketty, Saez na Zucman walichapisha hesabu kuhusu Marekani zinazoonyesha kwamba sehemu ya pato la taifa inayokwenda kwa asilimia 1 ya juu, kabla ya kodi, imekaribia maradufu tangu 1980. Mwaka 2024 Auten na Splinter wakachapisha hesabu zao kuhusu nchi hiyohiyo: ukishatoa kodi na kujumlisha misaada ya serikali, sehemu ya kundi hilo karibu haijasogea tangu miaka ya 1960. Pande zote mbili zinategemea ritani za kodi. Wanachogombania hasa ni kile ambacho ritani hazikionyeshi: kipato kilichofichwa ni cha nani, malipo ya uzeeni yahesabiweje, na matumizi ya serikali yawekwe katika hesabu ya nani.

Kwa hiyo usianze na hitimisho la utafiti. Anza na sehemu inayoeleza data, pamoja na tanbihi zilizo chini ya jedwali la kwanza. Humo tafuta majibu ya maswali matatu kabla hujasoma sentensi nyingine yoyote.

Kwanza, ni pengo la nini? Kipato, matumizi na mali ni vitu vitatu tofauti. Mali hujikusanya kwa wachache kuliko kipato, na matumizi kwa kawaida hutofautiana kidogo kuliko kipato, kwa sababu mwenye nacho huweka akiba na asiyenacho hukopa au husaidiwa. Tafiti nyingi za kaya barani Afrika na Asia hupima matumizi, ilhali za Amerika ya Kusini hupima kipato. Ukiziweka kwenye jedwali moja bila marekebisho, Amerika ya Kusini itaonekana mbaya kuliko ilivyo ikilinganishwa na wengine. Pili, ni kabla au baada ya kodi na ruzuku? Tatu, anayehesabiwa ni nani: kaya, mtu mzima au kila kichwa?

Hilo la tatu watu hulipita haraka, nalo lina uzito. Chukua kaya ya watu 4 yenye kipato cha 40. Ukigawa kwa vichwa, kila mmoja ana 10. Ukigawa kwa kipeuo cha pili cha idadi ya watu, kama OECD (shirika la nchi zilizoendelea kiuchumi) linavyofanya, unagawa kwa 2 na kila mmoja anapata 20. Njia ya kwanza inachukulia kwamba watu wanne wanahitaji mara nne ya mtu mmoja. Ya pili inatambua kwamba paa, jiko na taa vinatumiwa na wote. Penye kaya kubwa maskini, njia ya kwanza hukuza umaskini wao na ya pili huupunguza. Hakuna iliyo ya uongo, ila hazilinganishwi.

Kokotoa Gini kwa mkono wako

Kipimo cha Gini, namba inayoonyesha pengo kuanzia 0 (wote sawa) kuelekea 1 (mmoja ana vyote), kimetumika tangu 1912 na bado ndicho kinachotajwa zaidi. Wengi hukitaja bila kuwahi kukikokotoa hata mara moja, na hapo ndipo makosa yanapoingia. Kazi yenyewe ni ya dakika kumi kwenye karatasi au lahajedwali.

Chukua watu watano wenye vipato 2, 3, 5, 10 na 30. Wapange kuanzia mdogo hadi mkubwa. Mpe kila mmoja namba ya nafasi yake, 1 hadi 5, kisha zidisha nafasi kwa kipato: 2, 6, 15, 40, 150. Jumla yake ni 213. Jumla ya vipato ni 50. Sasa zidisha 213 kwa 2, upate 426. Gawa kwa idadi ya watu mara jumla ya vipato, yaani 5 × 50 = 250; unapata 1.704. Toa (5 + 1) ÷ 5, yaani 1.2. Jibu ni 0.504.

Ukipata jibu hasi, ulipanga kinyume: kwa watu hawahawa, kuanzia mkubwa kushuka hadi mdogo, hesabu inatoa −0.504. Ukipata jibu dogo kuliko ulivyotarajia, huenda orodha haikupangwa vizuri. Programu ya lahajedwali hailalamiki safu moja inapopangwa na ya pili ikaachwa palepale. Jambo jingine: kwa watu watano, hata mmoja akichukua vyote, Gini haiwezi kuvuka 0.8, yaani (5 − 1) ÷ 5. Ndiyo sababu kwenye sampuli ndogo watafiti huzidisha jibu kwa n ÷ (n − 1), ambapo n ni idadi ya watu. Hapa ni 0.504 × 1.25 = 0.63. Kwa sampuli ya maelfu marekebisho hayo hayaonekani, lakini ukilinganisha vijiji au madarasa yenye watu 20 hadi 30, uliza kama yamefanywa.

Kumbuka pia kwamba baadhi ya machapisho huandika Gini kati ya 0 na 1, mengine kati ya 0 na 100. Sentensi inayosema "Gini imepanda kwa 2" ina maana ya kawaida kwenye kipimo cha 100, na haiwezekani kwenye kile cha 1. Vilevile, kupanda kutoka asilimia 10 hadi 12 ni pointi 2 za asilimia, lakini ni ongezeko la asilimia 20. Vichwa vya habari huchagua namba inayotisha zaidi kati ya hizo mbili.

Sasa ivuruge hesabu yako makusudi, maana hapa ndipo utajifunza zaidi kuliko kwenye maelezo yoyote.

Zidisha kipato cha kila mtu kwa 2: 4, 6, 10, 20, 60. Gini inabaki 0.504 ileile. Lakini umbali kati ya wa juu na wa chini umetoka 28 hadi 56. Kisha rudi mwanzo, na badala ya kuzidisha, mwongezee kila mtu 10: 12, 13, 15, 20, 40. Gini inashuka hadi 0.252, nusu kamili, ingawa umbali kati ya wa juu na wa chini umebaki 28. Uchumi ukikua, watu wawili wenye akili timamu wanaweza kubishana usiku kucha kama pengo limeongezeka au la, kwa sababu mmoja anatazama uwiano na mwenzake anatazama umbali. Gini hutazama uwiano tu. Utafiti unaosema "ukuaji haukuongeza pengo" karibu kila mara unazungumzia uwiano, na ni haki ya msomaji kuambiwa hivyo waziwazi.

Jaribu na hili: 1, 4, 4, 13, 28. Jumla ni 50 tena, na Gini ni 0.504 tena. Lakini maskini kuliko wote amepoteza nusu ya alichokuwa nacho, tajiri kuliko wote amepungukiwa kidogo, na aliyenufaika zaidi ni wa nne. Gini haikuona lolote. Kwa hiyo usikubali kuletewa Gini peke yake. Dai angalau mgao wa kila sehemu moja ya kumi ya watu, kuanzia maskini hadi tajiri, au kipimo cha Palma: sehemu ya pato inayokwenda kwa asilimia 10 ya juu, ukigawa kwa sehemu ya asilimia 40 ya chini. Mwanauchumi Gabriel Palma aliona kwamba katika nchi nyingi asilimia 50 ya katikati huchukua takriban nusu ya pato, hivyo mvutano halisi upo kwenye ncha mbili. Kipimo hiki kina faida moja ambayo Gini haina: mtu yeyote akiambiwa ni 3 anajua maana yake.

Kuna tatizo ambalo hesabu haiwezi kulitibu. Tafiti za kaya huwakosa matajiri wakubwa. Ni wachache, hivyo sampuli huwapita; na wakifikiwa, wengi hukataa kujibu au hutaja pungufu. Matokeo yake ni kipimo kilicho chini ya ukweli. Angalia kama watafiti wameunganisha dodoso na takwimu za kodi, na kama wameeleza walivyofanya. Takwimu za kodi nazo zina upungufu wake: hazimwoni asiyelipa kodi wala fedha iliyofichwa.

Pengo na ukuaji: kwa nini majibu yanapingana

Mwaka 1955 mwanauchumi Kuznets alitoa wazo kwamba pengo hupanda nchi inapoanza kuendelea, kisha hushuka. Yeye mwenyewe alikiri kwamba makala yake ilikuwa na labda asilimia 5 ya ushahidi na asilimia 95 ya makisio. Waliomfuata waliisahau sentensi hiyo.

Tangu hapo Forbes (2000) alikuta kwamba pengo likipanda, ukuaji wa miaka michache inayofuata huongezeka. Barro, mwaka huohuo, alikuta athari hasi kwenye nchi maskini na chanya kwenye tajiri. Banerjee na Duflo (2003) walikuta kwamba badiliko la Gini kuelekea upande wowote, juu au chini, huambatana na ukuaji mdogo katika kipindi kinachofuata. Ostry, Berg na Tsangarides wa Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF (2014), walikuta kwamba pengo dogo baada ya kodi huambatana na ukuaji wa kasi na wa kudumu zaidi, na kwamba ugawaji upya kwa kiasi cha kawaida hauonekani kuuumiza.

Ukisoma utafiti wa aina hii, tafuta ulinganisho unaofanywa. Je, nchi inalinganishwa na nchi nyingine, au na nafsi yake ya miaka mitano iliyopita? Ulinganisho wa nchi na nchi hubeba kila kitu kinachozitofautisha: historia, taasisi, jiografia. Ule wa nchi na nafsi yake huondoa hayo, lakini hubakiwa na mabadiliko madogo ya Gini, na mabadiliko madogo mara nyingi ni makosa ya upimaji tu: dodoso limebadilishwa, au mwaka huu limeuliza matumizi badala ya kipato. Pia hauwezi kuonyesha athari zinazochukua kizazi kizima, kama watoto wa maskini kukosa shule. Swali la miaka 5 na swali la miaka 30 ni maswali mawili.

Kisha soma ukubwa wa athari, usiishie kwenye nyota zilizowekwa pembeni ya namba kuonyesha kwamba si rahisi matokeo yawe ya bahati tu. Chukua makadirio na kosa sanifu (kipimo cha jinsi makadirio yanavyoweza kuyumba kwa bahati ya sampuli) lililo kwenye mabano chini yake, zidisha kosa hilo kwa 2, ujumlishe na utoe. Makadirio ya 0.30 yenye kosa la 0.20 yanakupa kuanzia −0.10 hadi 0.70, yaani utafiti haujui hata ishara ya athari, kama ni chanya au hasi. Kama kinachopimwa kimewekwa katika logi asilia (natural logarithm), makadirio ya 0.10 ni takriban asilimia 10.5, lakini 0.70 si asilimia 70. Ni zaidi kidogo ya asilimia 100.

Tabia za watu

Tafiti za majaribio huuliza watu wanafanya nini wanapoliona pengo. Hapa chunguza walioshiriki. Katika mchezo ambao mmoja hupendekeza mgao na mwenzake hukubali au hukataa, wanafunzi wa vyuo vikuu kwa kawaida hutoa kati ya asilimia 40 na 50. Henrich na wenzake walipoupeleka katika jamii ndogo 15, wastani ulianzia asilimia 26 kwa Wamachiguenga wa Peru hadi 58 kwa Walamalera wa Indonesia. Sentensi inayoanza na "binadamu hu…" ikiwa na wanafunzi wa chuo kimoja nyuma yake, ipunguze mwenyewe iwe "wanafunzi hawa hu…".

Tenganisha pia maoni na msimamo wa sera. Huko Buenos Aires, Cruces, Perez-Truglia na Tetaz (2013) waliwaambia watu nafasi yao halisi katika ngazi ya kipato. Waliokuwa wakijidhania juu kuliko walivyo wakataka ugawaji zaidi. Lakini Kuziemko na wenzake (2015), nchini Marekani, walikuta kwamba taarifa hubadilisha sana jinsi watu wanavyoliona tatizo, na hugusa kidogo tu sera wanazotaka, isipokuwa kodi ya urithi. Jibu la dodoso halijawa kura.

Mwisho, uliza kama jaribio limerudiwa. Camerer na wenzake (2016) walirudia majaribio 18 ya maabara yaliyokuwa yamechapishwa katika majarida makubwa ya uchumi. 11 yalitoa matokeo yenye uzito wa kitakwimu kuelekea upande uleule, na ukubwa wa athari kwa wastani ulikuwa theluthi mbili ya ule wa awali. Kwa hiyo ukikutana na matokeo mapya ya jaribio moja ambalo halijarudiwa, shika kalamu, zidisha athari iliyotajwa kwa 0.66, halafu jiulize kama bado inatosha kuhalalisha sera inayopendekezwa kwenye ukurasa wa mwisho.