Somo: Kumrudisha kazini punda aliyeugua na sasa anakataa mkokoteni

Punda wangu Tumaini alikohoa wiki mbili msimu wa masika. Daktari wa mifugo akamdunga sindano, homa ikashuka, akaanza kula. Siku ya tano nikamfunga mkokoteni wenye mitungi kumi ya maji, kila mmoja lita 20, yaani kilo 200 kabla hujahesabu mkokoteni wenyewe, tukashika njia ya kwenda Njoro mjini, kaunti ya Nakuru, Kenya. Penye mwinuko akasimama. Nilimvuta, akanitandika teke la paja. Nilimchapa, akalala chini na mkokoteni ukiwa bado umefungwa. Waliokuwa kando ya barabara wakasema amekuwa mjeuri, nami nikakubaliana nao.

Nilipomfungua ndipo nikaona. Chini ya mshipi wa kifua ngozi ilikuwa imechubuka upana wa kiganja, na nzi walishafika. Alikuwa amekonda, mshipi wa zamani ukawa unacheza na kumsugua kila hatua. Zile fimbo nilizompiga zinaniuma hadi leo, ndiyo maana naandika somo hili.

Hatua ya kwanza: mchunguze kabla ya kumwita mkaidi. Punda huficha maumivu. Hata akiwa mgonjwa sana anaweza kusimama kimya tu, masikio yameanguka. Mpime joto akiwa ametulia: la punda mzima ni kati ya nyuzi 36.2 na 37.8. Hesabu pumzi kwa dakika moja. Akiwa amepumzika huwa 12 hadi 28. Fizi ziwe za waridi. Tazama kinyesi, inua kwato zote nne, papasa mgongo na kifua kwa mkono wazi.

Hapa nasisitiza. Punda aliyekuwa mpole akianza ghafla kung'ata ovyo, kudondosha mate, kushindwa kumeza au kuyumba miguu ya nyuma, usimtie mkono mdomoni eti kuna kitu kimemkwama. Huenda ni kichaa cha mbwa. Mfungie mahali peke yake, waondoe watoto, mwite daktari wa mifugo. Aliyeng'atwa, au aliyeguswa na mate penye kidonda, aoshe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo.

Hatua ya pili: mpumzishe vya kutosha. Kwa mafua makali ya farasi na punda, madaktari hushauri wiki moja ya mapumziko kwa kila siku ya homa, na isipungue wiki tatu. Najua pesa ya kubeba maji ndiyo ada ya shule. Lakini mapafu hupona polepole kuliko hamu ya kula. Mimi nilikodi punda wa jirani, na gharama ile ilikuwa ndogo kuliko kumpoteza Tumaini.

Hatua ya tatu: chakula. Huku Njoro tuna bahati ya mabua ya ngano na shayiri. Hayo pamoja na nyasi kavu, maji safi na chumvi ya mawe yanamtosha. Usimjazie mahindi ili anenepe haraka, utamletea msokoto wa tumbo na maumivu ya kwato. Akigoma kula siku nzima, mwite daktari. Punda asiyekula, mafuta ya mwili humiminika kwenye damu na yanaweza kumuua.

Hatua ya nne: vifaa. Kidonda kipone kabisa kwanza. Mshipi wa kifua uwe na upana usiopungua vidole vinne, ushonewe blanketi au kitambaa laini cha pamba. Kamba ya nailoni na ukanda wa tairi hukata ngozi. Mshipi ukae chini ya koo na juu ya kiungo cha bega, na kiganja chako kipite katikati yake na ngozi. Mzigo ukae juu ya ekseli. Ukiegemea mbele, uzito unamwangukia mgongoni.

Hatua ya tano: kazi kidogo kidogo. Wiki ya kwanza nilimtembeza kwa kamba tu, dakika 20, mahali tambarare, pamoja na mwenzake. (Punda wawili waliozoeana ukiwatenga, mmoja hukataa kila kitu, na watu huita hiyo tabia mbaya.) Wiki ya pili alivaa mshipi bila mkokoteni, kisha mkokoteni mtupu. Wiki ya tatu mitungi mitatu. Mlima nikauacha mwisho. Kila tukisimama natazama mapua na mbavu: dakika kumi zikipita na bado anahema, kazi ya siku hiyo imekwisha.

Akigoma, usimvute kwa mbele. Farasi akiogopa hukimbia. Punda huganda ili apime hatari. Simama kando ya bega lake, kaza kamba kidogo, ngoja. Akitoa hata hatua moja, legeza papo hapo na umkune shingo.

Maswali ya wafugaji wenzangu

*Mama mmoja wa Elburgon: Baba, kidonda cha kifua nimekipaka oili chafu ya gari. Ni sawa?*

Hapana, mama. Inachoma na kuzuia kidonda kupona. Chemsha nusu lita ya maji, tia kijiko kidogo cha chumvi, yakipoa safisha. Muulize daktari pia chanjo ya pepopunda, maana ugonjwa huo huingilia penye vidonda na punda hushikwa nao upesi.

*Kijana wa Rhonda: Mzee, wangu hakohoi akiwa zizini, ila akianza kuvuta tu anakohoa. Niendelee?*

Mrudishe zizini, mwanangu. Mapafu hayajapona. Angalia pia vumbi: nyunyizia nyasi kavu maji kabla ya kumlisha.

*Ndugu wa Kisumu: Kuna dalali anamtaka huyu wangu mgonjwa. Nimwachie?*

Ndugu yangu, muulize anampeleka wapi. Kichinjio cha punda kilipokuwa Naivasha, watu walilala na punda wakaamka na kamba tupu. Februari 2024 Umoja wa Afrika ulipiga marufuku kuchinja punda kwa ajili ya ngozi kwa miaka 15, lakini magendo bado yapo. Mpe punda wako wiki sita kwanza. Na kwa joto la huko, mfanyishe kazi alfajiri na jioni.

*Dada wa Molo: Wangu amepona, anavuta vizuri, ila akifika pale alipoangukia anasimama kila siku.*

Tumaini naye alifanya hivyo hivyo, dada. Nilikuwa nafika pale na mkokoteni mtupu, namfungua kabisa, nampa konzi ya mabua ale papo hapo, kisha tunageuka nyumbani. Siku ya tisa hakungoja kufunguliwa. Alinusa ardhi, akapumua kwa nguvu, akapanda mwenyewe.