Msuli huvuta tu, hausukumi

Jaribu hili sasa hivi. Weka kiganja chini ya meza kana kwamba unataka kuinyanyua, kisha kwa mkono wa pili ushike msuli wa mbele, juu ya kiwiko. Umekaza kama jiwe, na wa nyuma umelegea. Hamishia kiganja juu ya meza, ukandamize: sasa wa nyuma ndio umekaza. Msuli hauwezi kuusukuma mfupa, unajua kuvuta tu. Ndiyo maana hupangwa kwa jozi, mmoja hukunja, mwenzake hunyoosha.

Ukikunja mkono, gusa pia upande wa ndani wa kiwiko. Ile kamba ngumu ni kano, inayounganisha msuli na mfupa. Imejishika sentimita 4 au 5 tu kutoka kwenye kiungo, ilhali kiganja kiko zaidi ya sentimita 30. Kwa hiyo kilo 1 tu mkononi, kiwiko kikiwa kimekunjwa, huulazimu msuli uvute kama kilo 6 au zaidi! Mkono unapata kasi, kwa kuwa msuli ukijivuta kidogo tu kiganja husogea mbali, lakini msuli ndio unaolipa kwa nguvu. Basi mzigo mzito ukumbatie kifuani, usiubebe mikono ikiwa imenyooka mbele.