Jinsi ya kumweleza mtoto kupatwa kwa Jua na Mwezi kwa kutumia taa na mipira

Ile picha ya vitabuni, Jua, Dunia na Mwezi vimepangwa mstari mmoja kwenye ukurasa, mimi huiweka kando kwanza. Nafundisha watoto wa miaka 8 hadi 11, na anayeanzia kwenye picha hiyo hutoka akiamini kwamba Mwezi umetugusa na kwamba Jua linatakiwa kupatwa kila mwezi. Anzia kwenye vivuli. Hivyo mtoto anavijua tangu alipokuwa akitambaa.

Toka naye nje kukiwa na jua, asimame jua likiwa mgongoni kwake. Mwulize mambo matatu: mwanga unatoka wapi, nani ameuzuia, kivuli kimeangukia wapi. Atajibu bila kufikiri. Sasa badilisha wahusika. Mwezi ukizuia mwanga na kivuli chake kikaangukia Dunia, Jua limepatwa. Dunia ikizuia na kivuli chake kikaangukia Mwezi, Mwezi umepatwa. Mengine yote ni maelezo ya ziada, lakini ndiyo yenye utamu.

Kwa hayo unahitaji chumba cha giza, balbu moja hafifu isiyofunikwa, na mpira wa tenisi ya meza uliochomekwa kwenye ncha ya penseli. Weka taa usawa wa uso wa mtoto, mita mbili hivi kutoka alipo. Kichwa chake ndicho Dunia, mpira ndio Mwezi. Aushike mkono ukiwa umenyooka, kisha ajizungushe taratibu kuelekea kushoto huku akiukodolea mpira macho. Usimweleze kitu. Mwache aone mwenyewe upande wenye mwanga ukikua kutoka ukingo mwembamba hadi nusu, na taa ikifika nyuma yake, mpira mzima unang'aa, mradi ameuinua juu kidogo ya kichwa. Huo ni mwezi mpevu.

Hapo hapo mwambie aushushe mpira polepole. Kivuli cha kichwa chake kitaumeza. Mwanafunzi wangu mmoja alipiga kelele, "Mwalimu, nywele zangu ziko mwezini!" na kweli, kivuli cha nywele kilikuwa kimejichora juu ya mpira. Tumia nafasi hiyo kuwauliza: je, kivuli cha Dunia kina ukingo wa namna gani? Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki, miaka zaidi ya 2,300 iliyopita, alitaja kwamba ukingo wa kivuli kinachopita juu ya Mwezi ni wa mviringo kila mara, akautumia kama ushahidi kwamba Dunia ni duara.

Kisha ageuke aitazame taa, afumbe jicho moja, na alete mpira mbele ya balbu hadi uifunike. Wewe wakati huo usiangalie mpira, angalia uso wake, na wenzake waangalie pia. Utaona kivuli kidogo kimekaa juu ya jicho lake tu, huku paji la uso na mashavu yanang'aa kama kawaida. Hapa ndipo swali gumu linapojijibu lenyewe: kwa nini watu wa sehemu moja wanaona giza mchana na wengine hawaoni chochote? Kivuli kizito cha Mwezi kikifika duniani ni kidogo. Katika kupatwa kamili kwa tarehe 2 Agosti 2027, kwa mfano, ni ukanda wenye upana wa kilomita 250 hivi, unaopita kusini mwa Hispania, kaskazini mwa Afrika hadi Uarabuni na Somalia. Nje ya ukanda huo Jua linamegwa tu, na mbali zaidi halimegwi kabisa. Mwezi ukipatwa ni tofauti: yeyote ambaye kwake Mwezi umeshachomoza anaona, nusu nzima ya Dunia.

Watakuuliza pia Mwezi mdogo unawezaje kuficha Jua kubwa. Mtoto afumbe jicho moja afunike mti wa mbali kwa kidole gumba, yatosha. Kipenyo cha Jua ni mara 400 hivi ya kile cha Mwezi, lakini Jua liko mbali karibu mara 400 pia, kwa hiyo machoni petu vinalingana. Ni bahati tu, na mimi huwaambia hivyo hivyo. Tena Mwezi haukai umbali uleule: mara uko kilomita kama 363,000, mara 405,000. Ukipita mbele ya Jua ukiwa mbali, hautoshi kulifunika, na ukingo wa Jua hubaki kama pete.

Sasa lile swali ninalolisubiri, na asipoliuliza mtoto nitaliuliza mimi: kama Mwezi unaizunguka Dunia kila mwezi, mbona hatupatwi kila mwezi?

Nenda uwanjani na mpira wa kikapu na mpira wa tenisi ya kawaida. Wa kwanza ni Dunia, wa pili ni Mwezi, na ukubwa wao unalingana vizuri sana na hali halisi. Mpe mtoto Mwezi, mwambie auweke umbali anaodhani ni sahihi. Wengi huuweka hatua moja tu. Umbali halisi kwa kipimo hicho ni mita 7 na kidogo. (Jua lenyewe lingekuwa na upana wa mita 26, likiwa karibu kilomita 3 kutoka hapo. Waache washangae.) Njia ya Mwezi imeinama nyuzi 5 hivi ukilinganisha na njia ya Dunia kulizunguka Jua. Nyuzi 5 zinasikika kidogo, ila kwa umbali wa mita 7 zinauinua mpira wa tenisi zaidi ya sentimita 60. Kivuli kizito cha Dunia pale Mwezi unapopita kina upana wa sentimita 17 hivi tu. Basi miezi mingi Mwezi unapita juu au chini ya kivuli, kama ilivyokuwa pale mtoto alipouinua mpira juu ya kichwa. Majira ya Jua, Dunia na Mwezi kukaa mstari mmoja huja kama mara mbili kwa mwaka, yakiachana karibu miezi sita. Baada ya hapo ndipo nafungua kitabu, na watoto wenyewe wanaikosoa ile picha.

Wekundu wa Mwezi uliopatwa ueleze kwa swali: ungekuwa umesimama mwezini saa hiyo, ungeona nini? Ungeona Dunia nyeusi iliyozungukwa na duara jekundu. Hewa ya Dunia hutawanya mwanga wa buluu, hupitisha mwekundu na kuupinda kuelekea ndani ya kivuli. Ni wekundu wa machweo na mawio yote ya Dunia kwa wakati mmoja.

Kwa mtoto mwenye hofu, usimcheke. Mwonyeshe kwamba tarehe zinajulikana miaka mingi mapema. Baharia Christopher Columbus, akiwa amekwama Jamaika mwaka 1504, alijua kutoka kwenye majedwali yake ya mambo ya angani kwamba Mwezi ungepatwa, akawatisha wenyeji kwa hilo ili wampe chakula. Darasani kwangu kisa hiki huzua ubishi: yeye alikuwa mwerevu au mlaghai? Mimi nasema mlaghai.

Kuhusu macho sina mzaha. Utando wa nyuma ya jicho hauna hisia ya maumivu, hivyo mtoto anaweza kuungua asijue. Miwani ya kawaida ya jua, kioo kilichofukizwa moshi, filamu ya eksirei, ndoo ya maji: vyote hapana. Inayofaa ni miwani maalumu ya kutazamia Jua yenye alama ya ISO 12312-2, isiyo na mkwaruzo wala tundu. Kama haipo, toboa kadi kwa pini, mtoto alipe Jua mgongo, na mwanga upite tunduni uangukie karatasi nyeupe. Karatasi ikiwa mita moja kutoka kwenye kadi, Jua litajichora upana wa milimita 9 hivi, likiwa limemegwa vilevile kama lilivyo angani.

Mwezi hauhitaji kinga yoyote. Mpe mtoto penseli na duara kadhaa ulizokwisha kuchora, ajaze kivuli kila baada ya dakika kumi. Kivuli kizito huchukua saa moja hivi kuufunika wote, na giza lenyewe linaweza kufika saa moja na dakika arobaini na ushee, kwa hiyo mruhusu alale akichoka, umwamshe Mwezi ukiwa mwekundu.